Vishikio Kumi na Tisa

Seremala wa makabati alifika asubuhi, akasimama mlangoni mwa karakana bila kuvuka kizingiti. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa amekuja kuulizia vishikio vya droo.

"Si kwamba nakukimbiza, dada," alisema. "Ila mfamasia ameshahamia duka jipya, na droo zake anazifungua kwa bisibisi. Vimebaki kumi na tisa tu. Kama haiwezekani niambie, nimtafutie vya plastiki."

"Nitavimaliza," alijibu mwanamke aliyekuwa amekaa ndani juu ya gogo.

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Maneno yalimtoka tu, kama mtu anavyoitika salamu barabarani bila kuangalia nani kamsalimia. Seremala alishukuru mara tatu mfululizo, akaondoka upesi, mgongo wake ukionyesha kabisa kwamba alikuwa ameiogopa safari ile tangu jana.

Mwanamke huyo watu walimwita Milimita. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu alikuwa tayari kuukataa mguu wa kiti uliopungua unene wa ukucha. Alikuwa mkerezaji wa mbao, kazi aliyofundishwa na mumewe na baba mkwe wake humohumo karakanani, ubavuni mwa nyumba yao. Miaka kumi na minne iliyopita, alipoolewa, hakujua lolote. Siku ya kwanza mumewe alimwambia, "Nipe chaki," naye akatoka mbio hadi kwa jirani, akarudi na kipande cha chaki ya kuandikia ubaoni. Mume alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Chaki aliyoitaka ilikuwa lile bonge la chuma lenye taya nne, linalofungwa kwenye mashine ya kukereza ili liume kipande cha mti na kukizungusha. Kwa mwaka mzima baada ya hapo, kila Milimita alipokosea jambo, mumewe alimwita Mwalimu.

Chaki hiyohiyo ndiyo iliyomuua.

Ilikuwa Jumanne, miezi minne iliyopita, saa nne asubuhi. Mume alikuwa akipiga msasa kishikio cha thelathini. Ili nyuzi za mti zilale vizuri, aliigeuza mashine izunguke kinyume, kama alivyozoea. Chaki hushikwa kwenye shafti kwa hesi, sawa na kifuniko cha chupa, na mashine ikizunguka kinyume chaki inaweza kufunguka yenyewe. Ndiyo maana ubavuni mwake mna skrubu ndogo, haizidi punje ya mahindi, ya kuikazia isitoke. Siku ile ilitoka. Iliruka, ikampiga chini ya sikio, ikaviringika hadi chini ya meza. Walimpakia kwenye gari la jirani, na kabla hawajafika hospitali alikuwa amekwisha kwenda. Askari walikuja, wakapiga picha, wakaandika "ajali", wakaacha chaki ndani ya mfuko wa nailoni.

Aliyeifunga chaki asubuhi ile alikuwa Milimita. Ndiye aliyeifunga kila siku, kwa kuwa ndiye aliyeamka mapema.

Alikumbuka mengi ya siku ile. Alikumbuka kwamba mashine ilipobadili sauti yeye alikuwa kwenye rafu akihesabu vishikio vilivyokamilika, na kwamba alikuwa amefika ishirini na tisa. Alikumbuka alivyoinua chaki kwa mikono miwili, na mlio wa chuma kugota kwenye chuma ilipofika mwisho. Kitu kimoja tu hakukikumbuka: kama aliikaza ile skrubu ndogo. Alijaribu kulikumbuka jambo hilo akiosha vyombo, akisubiri foleni, akiongea na watu. Alifika kwenye mlio, na baada ya mlio palikuwa peupe.

Kulia hakulia. Siku zile nyumba ilipojaa watu, wifi yake alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, wakambeba wakamlaza. Milimita alikaa kwenye mkeka akitazama soksi ya mgeni mmoja, iliyotoboka kwenye kidole gumba, akiwaza kwamba mtu huyo alivaa haraka. Aliyasubiri machozi kama mtu aliyefungua bomba wakati maji yamekatika: unalisikia likikoroma, unaweka ndoo, hakuna kitu. Mwisho aliiondoa ndoo. Alikula alipopewa chakula. Alifua. Watu wakasema ana moyo wa chuma, wengine wakasema maneno mengine, naye yote aliyasikia kama redio ya nyumba ya pili.

Seremala alipokwisha kwenda, Milimita aliinama chini ya meza, akautoa ule mfuko wa nailoni.

"Unafanya nini, wifi?"

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, utepe wa kupimia shingoni, sindano mbili zimechomekwa kifuani. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilipakana na karakana. Tangu zamani walipigiana kelele kupitia ukuta: yeye akilalamikia unga wa mbao kwenye nguo za wateja, Milimita akilalamikia nyimbo zake.

"Vishikio vya mfamasia."

"Na hilo lidude utalishika?"

"Vishikio haviwezi kukerezwa bila chaki."

"Kwani mfamasia akifungua droo kwa meno atakufa? Ana dawa zote mle ndani." Wifi alisubiri kuona kama mzaha wake umefika popote. Haukufika. Akashusha sauti. "Ungesema, nikamtafuta fundi mwingine aje kukufungia."

"Ninajua kuifunga."

Sentensi hiyo ilikaa katikati yao. Wifi aliigusa mashine kwa ncha ya kidole, akakiondoa, akarudi kwenye cherehani yake. Lakini cherehani haikulia. Alikuwa amekaa tu, anasikiliza.

Milimita alichomoa plagi ya mashine ukutani, akaiweka juu ya meza mahali anapoiona. Akachukua brashi ya meno iliyochakaa, akasugua hesi za shafti, pinda kwa pinda. Utando wa buibui ulikuwa umejifunga pale. Kisha akaipindua chaki, akasugua hesi za ndani. Randa moja jembamba, lililojikunja kama ukucha wa mtoto, lilidondoka. Alilitazama muda mrefu. Randa dogo namna hiyo likikaa kwenye hesi, chaki haifiki begani mwa shafti, inasimama kabla ya mwisho huku mtu akidhani imefika. Lakini hilo huenda liliingia baadaye, chaki ilipoviringika sakafuni. Hakukuwa na namna ya kujua. Alilipuliza.

Alipoinua kichwa, baba mkwe wake alikuwa mlangoni.

Mzee hakuwa ameingia karakanani tangu Jumanne ile. Alishinda barazani kwenye kiti cha kamba, mgongo ameipa karakana, yeye aliyeijenga na kuinunua mashine kabla mwanawe hajaota meno. Milimita na yeye waliheshimiana sana, na heshima yao ilikuwa ya maneno machache. Tangu msiba yalikuwa yamepungua zaidi: umeamkaje baba, salama mwanangu, chakula tayari, ahsante.

"Nimesikia brashi," alisema mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Aliingia, akiburuza kandambili. "Endelea."

Akaendelea. Aliisukuma pini ya kuzuia shafti isizunguke. Akainyanyua chaki, kilo tatu na kitu, akaiegemeza kwenye ncha ya shafti, kiganja cha kushoto chini, cha kulia kikizungusha. Ukiiingiza chaki upande, hesi zinaumana vibaya na mashine imekwisha. Kwa hiyo aliizungusha kwanza nyuma kidogo, mpaka akasikia hesi zikikubaliana, ndipo akaizungusha mbele. Iliingia laini. Mzunguko mmoja, miwili, mitano. Mikono yake ilijua kazi na haikumhitaji. Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine aliyepewa kazi hiyo kwa siku moja.

Chuma kiligota kwenye chuma. Ule mlio.

Milimita alisimama akingoja kitu kije baada ya mlio huo. Hakikuja. Akachukua funguo ndogo, akainama kutafuta skrubu ubavuni mwa chaki.

Tundu lilikuwa tupu.

Aliingiza ncha ya funguo, ikazama bila kugusa chochote. Akapiga magoti, akaanza kupapasa sakafu chini ya mashine, kati ya maranda makavu.

"Haipo huko," alisema mzee.

Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, kimechakaa kwa kufuliwa na kuanikwa. Ndani yake mlikuwa na skrubu mbili. Moja ilikuwa ya zamani, nyeusi, kichwa chake kimelika na kuwa duara. Ya pili ilikuwa mpya.

"Jumatatu jioni niliona funguo inateleza," alisema. Aliongea akikitazama kile kikaratasi. "Kichwa kimekwisha. Nikaitoa. Nikasema, kesho alfajiri naenda nayo dukani kama sampuli, nitarudi kabla hamjamaliza chai. Sikuwaambia. Nilisema moyoni, jambo dogo, kwa nini niwapigie kelele? Duka likachelewa kufunguliwa. Nikasubiri. Nikaipata. Niliporudi nikaona watu wamejaa mlangoni."

Kule ndani cherehani ilianza kulia, ikashona kidogo, ikanyamaza.

"Nilikuwa nayo mfukoni tulipomzika," alisema mzee. "Miezi minne wewe unatembea humu ndani kama mtu aliyebeba maji kichwani, na mimi nilijua umebeba nini. Ulikuwa umebeba cha kwangu. Nikashindwa kufungua mdomo. Kila siku nasema leo. Nisamehe, mwanangu. Au usinisamehe. Lakini si wewe."

Milimita alikuwa bado amepiga magoti, unga wa mbao umemshika viganjani. Alijua kwamba hapa ndipo mtu hulia, au hupiga ukelele, au huinuka akamshika mwenzake mabega. Alijichunguza kama kuna lolote kati ya hayo. Kilichokuja ni hesabu. Wanasema alikuwa hivyo tangu shule, hawezi kuacha kitu hakijakaa sawa.

"Basi sikuikaza," alisema.

"Nini?"

"Asubuhi ile. Miezi yote hii nilikuwa sijui kama niliikaza au la. Kumbe kama ningechukua tu funguo, ningekuta tundu tupu, kama nilivyokuta sasa hivi. Sikukuta. Maana yake sikuigusa."

"Usiseme hivyo."

"Nasema ilivyokuwa, baba."

"Mimi ndiye niliyeitoa!"

"Wewe uliitoa. Mimi sikutazama. Na yeye aligeuza mashine kinyume bila kutazama, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba usigeuze kabla ya kutazama." Aliyataja hayo kwa sauti ileile aliyotumia kuwasomea wateja vipimo. "Tulikuwa watatu."

Mzee alitafuta mahali pa kukaa, akaliona lile gogo, akakaa. Alionekana mdogo. Labda alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa laana, akakuta hakuna anayempigia kelele, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alilia bila sauti, machozi yakipita kwenye mikunjo ya uso na kudondokea shati. Milimita alimtazama. Alifikiri: amepata machozi. Haikuwa chuki. Ilikuwa kama kumwona mtu akishuka kwenye basi ambalo wewe unabaki ndani yake.

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe hiyo mpya, baba."

Mzee alimpa. Skrubu iliingia kwenye tundu bila ubishi. Aliikaza mpaka funguo ikagoma, akapumua, akaongeza robo. Akaishika chaki kwa mikono miwili na kuivuta kinyume kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akatoa pini, akaizungusha chaki kwa mkono, taratibu, jicho lake likiwa usawa wa taya kuona kama inayumba. Haikuyumba. Akaingiza kipande cha kwanza cha mti kati ya taya, akazikaza kwa funguo kubwa, akaitoa funguo, akaitundika msumarini.

"Tazama na wewe," alimwambia mzee.

Mzee aliinuka, akapangusa uso kwa mkono wa shati. Akaigusa ile skrubu kwa kidole, akaigusa tena. Akaivuta chaki. "Imekaa," alisema.

Milimita alichomeka plagi, akasimama pembeni, si mbele, na kuwasha. Mota iliguna, mkanda ukashika, mti ukageuka kivuli cha duara. Alishika patasi. Alikereza kishikio kimoja, cha pili, cha tatu. Mzee alikaa kwenye gogo akipokea kila kimoja na kukipima na kile cha mfano, akikigeuza kwenye mwanga. Milimita alipofika cha nne, wifi aliingia na chai.

"Wifi! Mkono!"

Milimita alizima mashine, akautazama mkono wake. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kimepasuka ubavuni, damu imetiririka hadi kwenye kifundo cha mkono na kuganda na unga wa mbao. Taya zilimbana alipokuwa akibadilisha kipande, hakujua ni kipande kipi.

"Huumwi?"

"Hata."

Wifi aliweka chai chini, akachana kipande cha kitambaa, akamfunga kidole kwa nguvu, akisonya, akimwita majina ambayo mtu humwita ndugu yake tu. Kisha akauona uso wa baba yake.

"Baba, umelia?"

Mzee alimwambia. Alimwambia palepale, amekaa kwenye gogo, kishikio cha nne mkononi. Hakujitetea. Alipomaliza, Milimita aliongeza la kwake, kwamba hakuikaza wala hakutazama. Wifi aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Alimtazama baba, akamtazama wifi yake, akaitazama chaki pale juu, ikimeremeta kwa mafuta. Milimita alingoja ukelele ule wa siku ya msiba.

"Chai itapoa," alisema wifi, akatoka.

Siku tisa hakuongea nao. Alipika, akapakua, akaweka mezani, akala chumbani kwake. Nyimbo zake zilikoma. Mteja akiuliza mzee yuko wapi, alionyesha kwa kidevu. Kila asubuhi alibadilisha kitambaa kwenye kidole cha Milimita, akikiosha kwa maji ya chumvi, akikifunga upya, mdomo ameufunga. Siku ya tatu maji ya chumvi yalipogusa kidonda, Milimita alishtuka na kuvuta mkono. Yalimuuma. Wifi aliuvuta mkono ule na kuurudisha ndani ya bakuli, akaendelea kuuosha, lakini taratibu zaidi.

Vishikio kumi na tisa vilikamilika siku ya nne. Hakuna aliyegusa swichi ya kuzungusha kinyume. Mzee aliiziba kwa utepe mweusi, na msasa ulipigwa kwa uelekeo mmoja, kazi ndefu lakini inafanyika. Milimita alivipeleka mwenyewe kwa seremala, wakavifunga pamoja kwenye kabati la mfamasia. Mfamasia, mtu mnene mwenye miwani kwenye paji la uso, alizifungua na kuzifunga droo zote arobaini na nane, moja baada ya nyingine, akifurahi. Alisema vinashikika vizuri. Aliuliza fundi ni nani, na seremala akasema ni huyu hapa. Milimita alisema ahsante. Njiani kurudi alinunua ngao ya plastiki ya kufunika uso, akanunua na ya pili kwa ajili ya mzee, ambaye alikuwa ameanza kushinda karakanani badala ya barazani. Alipozilipia aligundua kwamba alikuwa na njaa. Alinunua mkate, akaula wote akitembea.

Siku ya kumi asubuhi alikuwa akikereza mguu wa meza. Mzee alikuwa kwenye gogo, akinoa patasi juu ya jiwe. Mlango wa ndani ulifunguliwa, wifi akaingia na ufagio. Alianzia pembeni kwenye madirisha, akafagia chini ya rafu, akafagia kuizunguka meza, maranda yakijikusanya mbele yake kama kondoo. Alifika kwenye gogo, akasimama.

Milimita alizima mashine. Mota ilichukua muda kunyamaza.

"Nyanyua miguu, baba," alisema wifi. Sauti ilimkwaruza kwa kutotumika. "Nifagie hapo."

Mzee aliinyanyua miguu yote miwili, akaishikilia hewani, kandambili zikining'inia, patasi bado mkononi. Wifi alifagia chini yake bila haraka, akarudia mara ya pili, pale pasipo na kitu.

"Shusha," alisema. Kisha, bila kugeuka: "Na wewe wifi, sogea. Umesimama juu ya uchafu."

Milimita akasogea.